Fundi wa friji wa mtaani afundishwe, gesi isiachiwe hewani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo nimeishi nalo kwa karibu miaka arobaini, nalo ni namna sisi mafundi wa Mombasa tunavyotengeneza friji, friza na viyoyozi, gesi ya kupozea tunayoiachia hewani katika kazi hiyo, na stima inayopotea majumbani na madukani kwa sababu ya kazi iliyofanywa nusunusu. Kila mwaka kaskazi inapolegea, kati ya Februari na Machi, joto likachanganyika na unyevu wa bahari hata shati likagandana na mgongo kabla ya saa tatu asubuhi, simu za mafundi hazinyamazi. Ni katika miezi hiyo ndipo madhara makubwa hufanyika, kwa kuwa kila mtu ana haraka, mwenye friza na fundi wake pia.

Mama mmoja anayeuza samaki upande wa Likoni, si mbali na kivuko, aliniita kwa sababu friza yake haikuwa ikigandisha. Alinieleza kwamba fundi amekwisha kuja mara tatu ndani ya miezi mitano, kila mara akajaza gesi na kulipwa, na kila mara baada ya wiki kadhaa samaki wakaanza kulainika. Tuliigeuza friza, nikapitisha tochi kwenye mabomba ya nyuma, na pale bomba la shaba linapoingia kwenye kompresa, ile mashine inayoisukuma gesi, nikaona doa jeusi la mafuta lililoshika vumbi, dogo kama punje ya choroko. Mwanagenzi wangu alidhani ni uchafu tu. Nikamwambia, “Mwanangu, tia naitrojeni kidogo, kisha paka povu la sabuni hapo.” Akafanya hivyo, tukangoja, na vikaanza kuinuka vipovu vidogo mno, kimoja baada ya kingine, polepole kama mtu anayepumua usingizini. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi ndani ya mabomba, kwa hiyo yanapochungulia nje ndipo gesi nayo inapotokea. Yule mama alikuwa amenunua gesi ile ile mara tatu, nayo mara tatu imepita katika kitundu kile ikapanda juu, na hakuna hata mmoja aliyemwambia kwamba gesi ya friza si kama mafuta ya gari. Haitumiki ikaisha. Friza ambayo haivuji inaweza kukaa na gesi yake tangu siku ilipotoka kiwandani hadi siku itakapotupwa.

Simlaumu aliyenitangulia pale, kwa sababu namjua vizuri fundi wa aina hiyo, nami nilikuwa yeye. Nilianza uanagenzi mwaka 1986 katika karakana moja ya Majengo, wakati ambapo karibu kila friji tuliyoifungua ilikuwa na gesi ya R-12. Friji ikiletwa, jambo la kwanza lilikuwa kukata bomba na kuiacha gesi itoke yote, tukisimama kando kidogo kwa sababu ya baridi yake. Gesi hiyo hiyo tuliitumia kupuliza vumbi kwenye kondensa, yale mabomba yanayotoa joto nje, na kusafisha mabomba mengine, kwa kuwa ilikuwa rahisi na haina harufu. Uvujaji tuliutafuta kwa taa ndogo ya moto ambayo mwali wake hugeuka kijani ukikutana na gesi hiyo. Nakumbuka tulivyofurahia rangi ile, tusijue kwamba gesi ya aina hiyo ikipita motoni hutoa moshi wa sumu tuliouvuta kila siku. Mwalimu wangu alikuwa fundi hodari na mtu mwema, Mungu amrehemu, na alinifundisha yote aliyoyajua.

Wakati mimi najifunza kukata mabomba, dunia ilikuwa ikiamua jambo. Mwaka 1974 wanasayansi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Mario Molina na Sherwood Rowland, walikuwa wameonya kwamba gesi za jamii ya R-12 hazifi zikiachiwa hewani, bali hupanda polepole hadi kwenye tabaka la ozoni, lile linalotukinga na miale mikali ya jua, lililo kati ya kilomita 15 na 35 hivi juu ya vichwa vyetu, na huko miale mikali ya jua huzivunja na kutoa klorini. Chembe moja ya klorini huweza kuharibu maelfu kwa maelfu ya molekuli za ozoni kabla haijatulia. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika ilikuwa ikipungua kwa kiasi kikubwa kila majira ya kuchipua ya huko. Tarehe 16 Septemba 1987 ukatiwa saini Mkataba wa Montreal wa kuziondoa gesi hizo, na mwaka 1988 Kenya ikauidhinisha. Yaani nikiwa mwanagenzi wa miaka miwili tu, nchi yangu ilikuwa tayari imeahidi kuacha kile nilichokuwa nikifundishwa kukifanya. Habari hiyo ilinifikia karakanani baada ya zaidi ya miaka kumi, kupitia fundi wa meli aliyekuja kununua nati.

Mwendo huo wa habari ndio ulionifanya nishike kalamu. Mikataba hutiwa saini Montreal na Kigali, kanuni hupitishwa Nairobi, ambako hata Sekretarieti ya Ozoni ya Umoja wa Mataifa ina makao yake pale Gigiri, lakini gesi yenyewe hutoka au hubaki kwa uamuzi wa kijana aliyechuchumaa nyuma ya friji huko Bombolulu au Mtongwe, mkononi ana koleo, na mwenye friji amesimama mlangoni akimhimiza amalize.

Nisieleweke kwamba hakuna kilichofanyika, kwani kilichofanyika ni kikubwa. R-12 na ndugu zake waliondolewa katika nchi zinazoendelea kufikia mwaka 2010. Nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa zimeuidhinisha mkataba huo, jambo ambalo ni nadra kwa mkataba wowote. Ripoti ya wanasayansi iliyotolewa mwaka 2023 chini ya Umoja wa Mataifa inaeleza kwamba tukiendelea hivi, ozoni juu ya sehemu kubwa ya dunia itarudi katika hali ya mwaka 1980 kufikia karibu mwaka 2040, na juu ya Antaktika karibu mwaka 2066. Kwetu tunaoishi karibu na ikweta, ambako jua liko utosini mwaka mzima, tabaka hilo ndilo hupunguza miale ya urujuanimno inayoleta mtoto wa jicho na saratani ya ngozi. Wavuvi wanaoshinda baharini wanahusika na habari hii, na ndugu zetu wenye ualbino wanahusika zaidi ya sote.

Ila kila gesi iliyoondolewa ilifuatwa na nyingine, na fundi asiyefundishwa hubaki na desturi ya zamani akiwa na mtungi mpya. Ilikuja R-22, ambayo bado imo katika viyoyozi vingi vya mji huu. Madhara yake kwa ozoni ni madogo kuliko ya R-12, lakini yapo, na ndiyo maana nchi kama yetu zilizuia ongezeko lake mwaka 2013, zikatakiwa kuipunguza kwa asilimia 35 kufikia 2020 na asilimia 67.5 kufikia 2025, na kuanzia 2030 kibaki kiasi kidogo sana cha kuhudumia mashine kuukuu. Zikaja R-134a na R-410A, ambazo haziigusi ozoni kabisa, na wengi wetu tukadhani safari imefika bandarini. Kumbe gesi hizi huhifadhi joto la dunia kupita kiasi: kilo moja ya R-410A ikiachiwa hewani ni sawa na zaidi ya tani mbili za kaboni dioksidi, na kilo moja ya R-134a ni sawa na karibu tani moja na nusu. Kwa hiyo tarehe 15 Oktoba 2016, huko Kigali kwa jirani zetu Rwanda, mkataba ukafanyiwa marekebisho ili nazo zipunguzwe. Kundi la nchi ambamo yetu imo lilitakiwa kusimamisha ongezeko mwaka 2024, kupunguza asilimia 10 kufikia 2029, na kuendelea hadi asilimia 80 kufikia 2045. Inakadiriwa kwamba hatua hiyo peke yake itaiepusha dunia na hadi nusu nyuzi ya joto kufikia mwisho wa karne hii.

Kiyoyozi kidogo cha chumba kimoja huwa na gesi ya karibu kilo moja. Fundi anayefungua viwili kwa siku na kuiachia gesi yake hewani amefanya, kabla ya chakula cha mchana, madhara ambayo moshi wa matatu ya Likoni hadi Ukunda hauyafanyi kwa muda mrefu sana. Wala hajui, kwa kuwa gesi haionekani na haina harufu, na mtungi mwingine unauzwa dukani.

Kuna upande wa pili wa jambo hili, na huu ndio mwenye nyumba anausikia mfukoni. Friji yenye gesi pungufu haizimi, kompresa yake huunguruma usiku kucha ikifukuzia baridi isiyofika, na tokeni zinakwisha kabla ya wakati. Yenye gesi nyingi kupita kiasi nayo hutaabika vilevile. Kondensa iliyojaa vumbi na manyoya ya paka haiwezi kutoa joto nje. Mpira wa mlango uliolegea huingiza hewa ya Mombasa, ambayo unyevu wake ni mwingi, na unyevu huo hugeuka theluji ndani ya friza hadi milango ikakataa kufungwa. Jaribu jioni hii kuubana mlango wa friji yako juu ya noti ya shilingi hamsini, kisha uivute: ikitoka bila kushikwa, mpira huo umechoka, na bei yake ni ndogo ukilinganisha na stima inayopitia hapo.

Viyoyozi navyo vina balaa la peke yake hapa pwani, nalo ni chumvi. Kwenye majengo yanayotazama bahari, kuanzia Nyali hadi Bamburi, nimeshika mapezi ya alumini ya koili za nje yakavunjika mkononi kama karatasi iliyoungua, na mashine haina hata miaka minne. Kuziosha koili hizo kwa maji baridi yasiyo ya chumvi kila baada ya miezi michache kungeziongezea umri na kupunguza stima, lakini ni mafundi wachache wanaomwambia mteja hivyo, na wateja ni wachache zaidi wanaokubali kulipia kuoshwa kwa kitu ambacho bado kinafanya kazi. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ya wageni katika kichochoro chembamba cha Mji wa Kale. Mashine sita za nje zilikuwa zimepangwa pamoja na kuzungushiwa mabati ili zisionekane, zikivuta hewa moto iliyotolewa na wenzake, na mwenye nyumba akilalamika kwamba viyoyozi vya siku hizi ni vibovu. Tulitoa mabati upande mmoja tu. Jioni ile ile vyumba vikapoa, wala hatukuongeza gesi hata gramu moja.

Stima hii haitoki hewani. Sehemu kubwa ya umeme wa Kenya ni ya mvuke wa ardhini, maji na upepo, nasi tuna haki ya kujivunia hilo, lakini mitambo ya mafuta ya Kipevu na Rabai tunaiona kwa macho yetu wenyewe, nayo ina kazi hasa pale kila nyumba inapowasha vitu vyake kwa pamoja baada ya magharibi. Kiyoyozi kibovu kinapovuta stima zaidi ya haki yake, kinatuongezea joto lile lile tunalotaka kulikimbia.

Sasa nije kwenye hatari, kwa kuwa hapa ndipo ninapokosa usingizi. Friji nyingi mpya zinazouzwa katika maduka ya Digo Road na kwingineko zina gesi ya R-600a, ambayo ni isobutani, na baadhi ya friza za maduka na viyoyozi vipya hutumia R-290, ambayo ni propani. Hizi ni gesi njema sana. Haziigusi ozoni, nguvu yake ya kuongeza joto la dunia ni ndogo mno, na zinapoza kwa stima kidogo. Kiasi chake ndani ya friji ya nyumbani ni gramu hamsini, sitini, au zaidi kidogo. Lakini zinawaka. Ndiyo maana nyuma ya friji hizo, karibu na kompresa, pamebandikwa alama ya pembetatu ya manjano yenye mwali wa moto. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, asiyejua maana ya alama hiyo, aliwasha tochi ya kulehemu akaikaribisha kwenye bomba kama alivyozoea kwa friji za zamani. Aliungua mkono na upande wa uso. Amepona, alhamdulillahi, lakini kidole chake kimoja hakikunjiki. Wapo pia wanaochukua gesi ya kupikia na kuitia ndani ya friji ambayo haikutengenezwa kwa gesi ya kuwaka, yenye swichi zinazotoa cheche ndani ya kabati. Ni kuweka bomu jikoni, na mwenye friji hana habari.

Gesi bandia nayo ni janga ambalo mji wa bandari haupaswi kulisahau. Mwaka 2011 makontena ya baridi yaliyokuwa yamehudumiwa huko Vietnam kwa gesi iliyochanganywa yalilipuka, na wafanyakazi watatu wakafa. Ndani ya gesi iliyodaiwa kuwa R-134a mlikuwa na kemikali ambayo, ikikutana na alumini ya kompresa, hutengeneza kitu kinachojiwakia chenyewe kikiguswa na hewa. Mimi nimefanya kazi kwenye makontena ya namna hiyo Kilindini. Kontena za parachichi na samaki zinazopita pale kila wiki hufunguliwa kompresa zake na vijana wetu, na kijana aliyefundishwa kuutilia shaka mtungi wa bei ya kutupa, kuutazama muhuri wake na kudai gesi ipimwe, huenda akarudi nyumbani jioni kwa sababu ya somo hilo moja. Kanuni za mwaka 2007 za kudhibiti kemikali hizi, zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, tayari zinataka kibali kwa anayeziingiza nchini. Maofisa wa forodha na wa mazingira hapo bandarini wapewe vifaa vya kutosha vya kupimia kilichomo mtungini, kwa sababu maandishi ya nje ya mtungi hayatoshi.

Mafunzo ya kisasa yapo. Mkataba wa Montreal una mfuko wake uliofanya kazi tangu mwaka 1991 kusaidia nchi kama yetu, na mafundi wa Kenya wamekuwa wakifundishwa kupitia mipango hiyo. Kilio changu ni kwamba mafunzo hayo humpata zaidi yule ambaye tayari yuko darasani au ameajiriwa na kampuni yenye barua pepe. Fundi wa kibandani hasikii tangazo. Akisikia, ni siku za kazi kuanzia asubuhi hadi alasiri, na siku asiyofungua kibanda ni siku watoto wake hawali vizuri. Akijikaza akaenda, anakuta vitabu vyote ni vya Kiingereza, na mtu aliyekuwa akiunganisha bomba la shaba kwa ustadi unaomshangaza mwalimu anatoka pale akijiona mjinga.

Naomba hivi. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor, Kenya Coast National Polytechnic na kituo cha mamlaka ya mafunzo ya viwandani vifungue madarasa ya jioni na ya Jumapili kwa mafundi wa friji na viyoyozi, kwa Kiswahili, na sehemu kubwa ya somo iwe mkononi. Maneno tunayo. Tunasema kuvuta hewa, kupima gesi, kurudisha gesi mtungini, kupanua mdomo wa bomba, na kila fundi anaelewa. Nchi yetu tayari ina sera ya kutambua ujuzi uliopatikana kazini bila cheti, basi mtihani wa fundi wa miaka ishirini uwe friji mbovu mbele yake, geji, mizani na msimamizi wa kumwangalia, kisha apewe cheti chake akitundike kibandani.

Kwa upande wa mambo ya kufundishwa, ningeanza na pampu ya kuvuta hewa na unyevu kutoka ndani ya mabomba kabla ya kutia gesi. Wengi wetu tunavuta hewa kwa kompresa kuukuu ya friji iliyogeuzwa pampu, nayo haifiki mahali inapotakiwa. Katika hewa ya Mombasa hilo ni kosa kubwa kuliko lingekuwa Nairobi, kwa sababu unyevu unaobaki ndani ya mabomba huganda kwenye kapilari, lile bomba jembamba mno la friji, na kuiziba, na ukichanganyika na gesi na mafuta hufanya asidi inayokula kompresa kutoka ndani. Wapo mafundi wanaopoteza kompresa tatu kwa mwaka wakidhani ni za bandia, kumbe ni maji. Baada ya pampu ningefundisha mizani. Zama zetu tulijaza gesi kwa kushika bomba na kusikiliza kompresa, na kwa R-12 tuliponea chupuchupu, lakini friji inayotaka gramu hamsini na tano haiwezi kujazwa kwa kiganja. Kisha ningefundisha kuirudisha gesi mtungini kwa mashine, badala ya kuiachia.

Najua neno litakalofuata: mashine hiyo ni ghali. Ni kweli, fundi mmoja wa kibandani hataimudu. Lakini mafundi kumi na tano wa Kisauni walio katika chama kimoja, ambao tayari wanachangiana kila wiki kwa harusi na mazishi, wanaweza kumiliki mashine moja na mitungi miwili, wakaipokezana kama wanavyopokezana ngazi ndefu. Kaunti ikiwasaidia nusu ya bei ya mashine ya kwanza, na kukawa na mahali pamoja mjini pa kupokea gesi chafu iliyovunwa, jambo hilo litasimama. Hoteli, hospitali na shule zenye mashine nyingi nazo zina nguvu kubwa hapa. Zikiandika katika mikataba yao ya matengenezo kwamba fundi lazima atafute uvujaji kabla ya kujaza, apime gesi kwa mizani na aandike kiasi alichotoa na alichotia, mafundi watajifunza haraka kuliko kwa semina yoyote. Nimeona mahali pamoja, taasisi ambayo sitaitaja, panapolipa kwa idadi ya mitungi iliyotumika. Ukimlipa mtu kwa mtungi, uvujaji unakuwa shamba lake.

Wateja nao wafikiwe. Redio zetu za pwani zina wasikilizaji jioni nzima, na kipindi cha nusu saa kila wiki, fundi akijibu simu za watu kuhusu friji zao, kingefanya kazi ambayo mabango ya tarehe 16 Septemba, siku ya kimataifa ya kulinda tabaka la ozoni, hayawezi kuifanya peke yake. Mabaraza ya mitaa, vikundi vya kina mama wanaouza samaki, juisi na barafu, na mikutano ya wenye maduka ya Kongowea na Marikiti ni mahali pazuri pia. Mwenye friza akijua kumuuliza fundi, “Umeona inapovuja?” kabla ya kumkabidhi pesa, nusu ya vita imekwisha. Anayenunua friji au kiyoyozi na atafute kile kibandiko cha nyota ambacho kanuni za nishati za mwaka 2016 zinakitaka, akijua kwamba nyota nyingi ni stima kidogo, na asome nyuma ya mashine jina la gesi iliyomo. Friji za mtumba kutoka ng'ambo nazo hushawishi kwa bei, lakini waliozifungua wanajua: rahisi ghali, na mara nyingi ndani mna gesi ambayo nchi ilikotoka hawaitaki tena.

Yule mama wa Likoni nilimuunganishia bomba lake upya, nikavuta hewa kwa muda wa kutosha, nikatia gesi kwa mizani na kuandika tarehe na gramu kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa friza. Kibanda changu kiko Majengo, na kila Jumamosi baada ya alasiri huwa nakaa na vijana watano au sita, pampu, mizani na friji moja mbovu katikati yetu. Bado sina mashine ya kurudishia gesi. Chuo chochote kitakachokubali kumtuma mwalimu na mashine hiyo kwa Jumamosi nne mfululizo, mkeka na chai viko tayari, na vijana nitawaita mimi mwenyewe.

Wako mwaminifu,

Fundi wa majokofu,
Majengo, Mombasa